MREJESHO: Ile rupia ya Mjerumani ya 1890, sikuituma Marekani

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kama niitume Marekani, kwa NGC au PCGS (kampuni za kukagua sarafu), ile rupia, sarafu ya fedha ya enzi za Wajerumani, aliyotuachia babu hapa Mikindani, ikakaguliwe na kupewa daraja. Asanteni sana, mmeniokolea hela.

Aliyesema nianzie kwa sonara alinipa ushauri bora kuliko wote. Mizani ilisoma gramu 11.6 (uzito wake halali ni 11.66) na sumaku haikuishika, kwa hiyo naamini ni ya kweli. Mliosema nisiisafishe, niliwasikiliza, ila bibi alishaisugua kwa majivu miaka mingi iliyopita. Kwa lenzi ya sonara niliona mikwaruzo myembamba imepita shavuni kwa Kaiser Wilhelm, mfalme wao wa wakati huo, hadi kwenye kofia yake yenye ndege tai. Sarafu ya namna hiyo hairudi na namba kwenye kipimo cha kampuni hizo cha 1 hadi 70. Wanaandika kwamba imesafishwa. Ada na gharama za kutuma ningezilipa bure.

Kuiuza nako kumekwama. Mnunuzi aliihesabu kama fedha ya kuyeyusha, nikakataa. Nimeihifadhi kwenye kikopo kikavu, mbali na chumvi ya bahari, na upande wa simba bado unasomeka vizuri. Mungu awabariki.