Kasuku niliyeachiwa na jirani anang'ata kila mtu, msaada jamani

MamaWawili_Ipogolo

Habari zenu wakuu. Niko Iringa, Ipogolo huku. Kuna jirani alikuwa na kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, sasa kahamishwa kikazi Mtwara na nyumba anayoenda kupanga mwenye nyumba hataki ndege, bas akatuachia sisi. Watoto walishangilia kweli maana anaongea, kuna neno lake "dada fungua geti" analitoa kwa sauti ya yule jirani kabisa, mi mwenyewe nimeshatoka mara kibao kwenda kufungua.

Shida ni kung'ata. Siyo kudonoa kwa utani, ni mpaka damu. Nikiingiza mkono kubadilisha maji anauvamia, mume wangu ndo kabisa, akipita karibu na tundu ndege anajirusha kwenye waya na mabawa kayatanua. Mdogo wangu wa mwisho kang'atwa sikio. Nikimpigia jirani anasema "mbona huyo mpole sana", ila mkewe aliniambia pembeni kwamba walikuwa wanamtoa kwa glavu za kuchomelea na kumfunika taulo kwanza. Anakula alizeti tu, matunda anayatupa chini. Tundu liko sebuleni jirani na TV, wanasema ana miaka kama tisa.

Mmoja kaniambia nimkate mabawa atatulia, mwingine nimpige kidole mdomoni kila aking'ata. Mwenye uzoefu anisaidie, sitaki na mimi nimgawe tena.

Mwanjelwa_Finest

Kwa baridi ya Iringa ya mwezi huu supu inahitajika hahaha. Utani dada, subiri wajuzi waje.

FundiWaUyole

Mi nilikuwa na kuku jogoo mkorofi Uyole hapa, dawa yake ilikuwa kumwonyesha nani mkubwa. Kasuku ni hivyo hivyo, akikung'ata mpige kidole mdomoni kidogo tu asiumie, na mabawa mkate, ndege akishindwa kuruka anakuwa na adabu.

Rungwe_Ndege

FundiWaUyole mkuu kwa heshima zote, jogoo na kasuku ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukimpiga mdomoni hajui kuwa ameadhibiwa, anajua tu kwamba mkono wako unapiga, na huyu dada katuambia mikono ameshaiogopa tangu kwa yule jirani. Na mabawa, ndege mwoga njia yake ya kwanza ni kuruka akae mbali, ukimnyang'anya hiyo anabaki na mdomo peke yake. Sasa hapo umetibu nini?

Dada nimefuga kasuku Tukuyu muda mrefu, na huyo wa kijivu alikuja kwangu mtu mzima kama wako. Nakuambia ninavyoona mimi. Ndege wako hana hasira, ana uoga, na kung'ata kumekuwa kunamfanyia kazi. Mkono unaingia, anang'ata, mkono unatoka. Mkono unaingia, anang'ata, mtu anapiga kelele nyumba nzima inakimbia, kwake hiyo ni sinema. Kila mara ameshinda, kwa nini aache?

Kwa hiyo kazi yako ni kufanya asiwe na sababu ya kufika huko. Na kabla hajang'ata anakuambia, ila hatumwangalii. Huyo wa kijivu akishakuwa mkubwa jicho linakuwa la njano iliyopauka, tazama ile mboni nyeusi ya katikati, akipandwa inakuwa ndogo kubwa ndogo kubwa haraka haraka. Manyoya ya shingoni yanasimama, mkia unafunguka, anajiinamisha mdomo wazi au anajibana mwembamba kama kijiti akikuegemea mbali. Ukiona hata kimoja simama hapo hapo, usisogee wala usirudi kwa kukurupuka, subiri ashushe manyoya ndo uondoke taratibu. Siku mbili tatu ataanza kuona kuwa kumbe ukiambiwa kwa adabu unaelewa.

Halafu glavu na taulo zitupwe zisionekane kabisa sebuleni. Maji na chakula badilisha akiwa upande wa pili, unamvuta na karanga mbichi isiyo na chumvi huku, mkono mwingine unafanya kazi kule. Ila alizeti toa kwenye bakuli. Kama anaipenda hivyo ndo mshahara wake, aipate mkononi mwako tu. Anza nje ya waya, punje moja, asipoichukua iangushe kwenye bakuli uondoke zako. Akishazoea mpe kijiti kirefu cha mwanzi akiguse na mdomo, akigusa tu anapata punje. Siku akikifuata kijiti kokote unakokipeleka, unaweza kumpandisha kwenye mti wa kukalia bila kumshika hata unyoya.

Na jambo moja watu wengi hawalijui, kasuku mdomo kwake ni kama mguu wa tatu. Akitaka kupanda mkononi anaushika kwanza kuupima kama hautikisiki, hajang'ata hapo. Mtu anaogopa anauchomoa, ndege anayumba, kesho anashika kwa nguvu asianguke, na kesho kutwa kweli anang'ata. Bora utumie kijiti mpaka wote wawili mtulie.

MamaWawili_Ipogolo

Asante sana kaka Rungwe, hilo la jicho nimeenda kulitazama sasa hivi na ni kweli, mume wangu alipita na kofia yake ya kazini mboni ikaanza ile ndogo kubwa. Akivua kofia kidogo afadhali. Sasa akishang'ata na ameshika, nifanyeje maana haachii? Na hiyo alizeti nikiitoa kabisa si atakufa njaa?

Rungwe_Ndege

Usimtoe alizeti ghafla dada, kasuku anaweza kukaa na njaa mbele ya chakula asichokijua mpaka adhoofike. Punguza kidogo kidogo, asubuhi akiwa na njaa mwekee karoti, boga la kuchemsha, chainizi, mahindi mabichi, na wewe mwenyewe kula mbele yake ukionyesha utamu. Hawa wanapenda kula mtu anachokula. Mpime kwenye mzani wa jikoni kila wiki, wa kijivu wengi wako kama gramu 400 hadi 500, ukiona anashuka rudi nyuma.

Akishika usivute, unachanika. Usipige kelele pia. Kama yuko mkononi shusha mkono pole pole karibu na meza au kochi ashuke mwenyewe, usimtazame, usiseme kitu, toka sebuleni dakika chache bas. Akitulia rudi kama hakuna kilichotokea. Na watoto wasimpe uso wala sikio kwa sasa, hata awe mpole vipi. Mumeo aje bila kofia, akae mbali anasoma simu, awe anadondosha karanga kwenye bakuli anapopita. Mambo ya kofia aachie mwezi ujao, aiweke kwenye kiti mbali aizoee.

Daktari_Mtarajiwa_SUA

Nasoma udaktari wa wanyama Morogoro, naongezea kidogo. Ndege anayekula alizeti tupu miaka yote anakosa vitamini A na kalsiamu, na hawa wa kijivu wana tabia ya kushuka kalsiamu mpaka kutetemeka na kudondoka. Ndege anayeumwa hana subira, kwa hiyo kabla ya kumfundisha lolote mpeleke akaangaliwe, mdomo, kucha, manyoya ya mgongoni, kinyesi. Jua la asubuhi ni zuri, ila tundu liwe na sehemu ya kivuli. Waya wa tundu ukiwa ni ule wa kuku uliopakwa zinki na anaukwangua, badilisheni, zinki inawapa sumu.

Usingizi nao. Kwao ni misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, giza linaingia saa kumi na mbili hadi asubuhi, sasa huyu anatazama tamthilia na nyie hadi saa tano usiku. Masaa kumi hadi kumi na mbili, chumba kimya na giza. Mkimchezea msimshike mgongo wala chini ya mabawa, kwake hiyo ni habari ya kupandana, akishapandwa na hiyo hali anang'ata hata anayempenda. Kichwani na shingoni tu.

Baridi ya huko naijua, ila msimwekee jiko la mkaa chumbani, mapafu ya ndege hayavumilii moshi, na kikaangio cha teflon kikiungua kinamuua kabla hamjasikia harufu. Na parachichi marufuku, najua Njombe na Rungwe mnalitumia kama maji, kwa kasuku ni sumu.

Lingine, huyo wa kijivu tangu 2017 yuko kwenye Kiambatisho I cha CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, orodha ya ulinzi mkali zaidi, na wanyamapori hapa nchini wana sheria yao ya 2009. Mpigie jirani umuulize kama ana kibali na makaratasi yake, kisha ulizia ofisi ya wanyamapori hapo Iringa namna ya kubadilisha jina la mmiliki kabla mtu hajakugongea mlango.

FundiWaUyole

Haya nimekubali jamani, jogoo wangu alikuwa kesi nyingine.

MamaWawili_Ipogolo

Nimepiga simu, jirani anasema makaratasi yako kwenye begi Mtwara atatuma na basi. TV tumehamisha, ndege sasa yuko chumba cha wageni usiku na blanketi juu ya tundu upande mmoja. Leo kachukua punje moja nje ya waya, jicho halikucheza. Alizeti nyingine kaichukua mtoto mkubwa kaila mwenyewe.

Mume wangu anauliza, na ulanzi, hii pombe yetu ya mwanzi, je, kidogo tu, maana ndege anaulilia akiuona.

Daktari_Mtarajiwa_SUA

Hata tone dada. Ulanzi anywe mwenye nyumba, na anywee nje.