Fundi wa hapa Kigoma kanila elfu ishirini kwa DVD ya Linux, na kompyuta kaniulia

Wakuu mnivumilie kama nakosea herufi, naandika kwa simu na nina hasira, kompyuta yenyewe ndo hiyo ishalala.

Nina kisteshenari changu huku Mwanga, deskitopu moja ya kizamani, Core 2 Duo ram 2GB, ndo inachapa mitihani ya walimu na barua za posa. Windows 7 imechoka, virusi vimejaa maana kila mteja anakuja na flashi yake, nikasema acha nipige Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, tena nyepesi. Sasa mashine haibuti, yaani haiwaki, kwa flashi, nimejaribu tatu haizioni, inakubali DVD tu, na draivu yangu inasoma ila haichomi, yaani haiandiki kwenye DVD. Nikaenda kwa fundi.

Elfu kumi. Na ISO, lile faili la kuinstolia Mint, nimeshusha mwenyewe kwa bando langu, karibu GB 3, usiku kucha. Yeye kazi yake kuchoma tu. Kuchoma tu!

Nimefika nimeweka DVD, nabonyeza F12, nachagua iwake kwa draivu ya DVD, inakoroma kidogo halafu hiyoo Windows inawaka kama kawaida. Kufungua ndani nakuta faili moja limekaa peke yake lina .iso mwishoni. Yaani jamaa kalikopi kama anavyokopi nyimbo za harusi! ISO ni picha ya diski nzima, inachomwa kama picha ili ile sehemu ya kubuti ikae mahali pake, na ukifungua unakuta mafolda, casper, isolinux, boot na wenzake. Hata Windows 7 yenyewe ukibonyeza raiti kliki juu ya ISO inakupa sehemu ya kuchoma picha, huhitaji hata programu ya Nero.

Nikarudi, bodaboda juu yangu. Ananiambia kompyuta yako mbovu. Nilipomwonyesha faili akanuna, akachoma nyingine na akadai elfu kumi tena eti hiyo kazi mpya. Nikalipa, mjinga mimi. Namwambia punguza spidi weka 4x, anacheka, anaweka 16x kwenye DVD ya buku isiyo na jina. Namwomba ihakikiwe baada ya kuchomwa, anasema foleni ndefu.

Hii ya pili ikabuti aisee, nikaita mpaka dogo wa duka la jirani aje aone. Nikachagua ifute diski yote ya kompyuta, ikaanza kukopi, kufika katikati draivu inalia kama panya ndani ya debe, ikatupa kosa la kusoma. Basi. Windows imeshafutwa na Linux haijaingia. Kwenye menyu ya Mint pale mwanzo kuna sehemu ya kukagua DVD kabla hujainstoli, niliiona nikaipita kwa kiherehere, hilo nakubali ni langu. Mafaili nilishahamisha, la sivyo saa hizi walimu wangekuwa wamekaa mlangoni.

Nimempigia anasema DVD hairudishwi. Nani kataka kurudisha DVD? Nataka hela yangu! Halafu ananishauri tupige Ubuntu 24.04, Linux nyingine, eti hiyo ndo inakubali. ISO yake GB 5 na ushee, DVD ya kawaida GB 4.7, ataikunja? Zamani Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta mpaka 2011 walipoacha, ilikuja imeshachomwa vizuri unaweka tu, leo nalipa mtu elfu ishirini anikopie faili.

Kuna mtu kuanzia Ujiji mpaka Gungu ana DVD ya Mint ambayo ameiona kwa macho yake inamaliza kuinstoli? Naifuata hata usiku huu. Wa Tabora kama mnayo iwekeni kwenye basi, nauli ya bahasha nalipa. Jumatatu nina mitihani ya kidato cha pili na mwalimu keshalipa nusu.