Naombeni ushauri: nina sarafu ya fedha ya Warumi, niiuze?

MpigaJembe: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Uingereza, vibarua vya shambani. Nina denari moja: mbele kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita yenye bawa, nyuma wapanda farasi wawili, chini ROMA. Kuna mzee anaitaka. Niiuze? Usingizi siupati.

Ustadhi wa Bara: Umelaza miungu chumbani halafu unauliza usingizi?

Kigagula: Huyo ni Roma, mji uliofanywa mungu. Wapanda farasi ni mapacha Castor na Pollux, angalia nyota juu ya vichwa vyao. Denari zilianza na sura hizo, mwaka 211 KK hivi. Nyuma ya kichwa kuna X? X ni kumi ya Kirumi: ilihesabiwa sawa na asi 10, yaani sarafu zao za shaba.

MpigaJembe: X ipo mkuu.

MamaNtilie: Babu aliacha rupia za Mjerumani, zile za Kaiza na kofia ya tai. Wajomba hawasalimiani mpaka leo.

Kigagula: Umeipata wapi?

MpigaJembe: Shambani.

Kigagula: Moja tu?

MpigaJembe: Saba, kwenye tope moja. Moja mzee kashachukua. Zilizobaki nimezisugua na dawa ya meno zing'ae. Msinilaumu, aliyeinama ni mimi, siyo mwenye shamba.

Kigagula: Dawa ya meno! Umeshusha bei kwa mkono wako. Sheria ya Hazina ya 1996 inasema sarafu za fedha mbili na zaidi, zenye miaka 300 kwenda juu, zikipatikana pamoja ni hazina. Una siku 14 kutoa taarifa kwa ofisa yule yule anayechunguza vifo vya utata. Ukinyamaza, jela hadi miezi 3. Makumbusho wakizitaka wanalipa, na mwenye shamba ana fungu lake.

Jini Mpole: Chai. Denari ya X ni ya kabla ya Kristo, Kaisari Claudius wa Roma kavamia Uingereza mwaka 43 BK. Ilifikaje?

Kigagula: Mifukoni mwa askari. Kaisari Nero alipopunguza madini ya fedha kwenye denari mwaka 64, watu walificha zile za zamani.

Jini Mpole: Haya. Ila moja imezaa saba ndani ya uzi mmoja. Weka picha.

MpigaJembe: Kamera ya simu mbovu.

Kondakta: Ya simu mbovu, ya mzee nzima 😂

MpigaJembe: Cheka tu. Kapiga sasa hivi, kapandisha dau. Nikimpa tano nikabaki na moja, bado ni hazina?