Maji ya rejeta yamegeuka mekundu: nisafishe vipi, na kulanti nitie kiasi gani?

Muulizaji, Kisauni

Hamjambo wakuu. Gari ni Toyota Fielder, injini 1NZ. Maji ya rejeta yamekuwa rangi ya chai ya mkandaa. Likisimama kwenye foleni ya feri ya Likoni joto lapanda, likishika barabara latulia. Limekuwa likiongezwa maji ya kisima. Nataka kusafisha mwenyewe uani. Ninayo kulanti (dawa ya kutiwa kwenye maji ya rejeta) nyekundu isiyochanganywa, galoni ya lita 4. Nitie ngapi? Na huku kwetu hakuna barafu, kulanti yanifaa nini kuliko maji matupu?

Jibu, Changamwe

Ndugu yangu, kwanza injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, chovya vidole viwili uyasugue hayo maji. Kutu hubaki kama unga mwekundu kwenye ngozi. Yakiteleza na kuacha utando kama krimu, hayo ni mafuta: ama gasketi ya silinda hedi (kipande cha juu cha injini) imevuja, au kipoza mafuta ya gia kilicho ndani ya rejeta kimetoboka. Hapo usisafishe, tafuta uvujaji kwanza.

Barafu si hoja. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, nayo hupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima cha Pwani yana chumvi inayokula alumini ya hedi na rejeta, na chokaa yake huganda ndani ya mirija.

Kazi yenyewe: tia karai chini, fungua koki iliyo chini ya rejeta, mwaga. Funga, jaza maji ya mfereji yasiyo ya chumvi, weka hita kwenye moto wa mwisho. Hita hiyo huku haiguswi mwaka mzima, na uchafu mwingi hukaa humo. Washa injini mpaka hosi ya chini ipate moto. Hapo ndipo themostati, vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imefunguka. Kabla ya hapo unasafisha rejeta peke yake, maji ya ndani ya injini hayajatoka. Zima, ngoja ipoe saa moja na zaidi, mwaga tena. Usitie maji baridi kwenye injini ya moto, hedi hupinda. Rudia mara tatu au nne mpaka yatoke meupe, na mara ya mwisho tumia maji ya betri. Soma chupa vizuri: uchukue maji, si asidi.

Sasa kipimo, hapa ndipo wengi hukosea. Tuchukulie mfumo wako ni lita 5 (hakikisha kwenye kitabu cha gari). Ukifungua koki zatoka kama lita 3. Lita 2 zabaki ndani ya injini, nazo ni maji matupu. Mtu akijaza lita 3 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, amepata lita moja na nusu tu ya kulanti ndani ya 5, yaani asilimia 30. Kwa hiyo pima maji yaliyotoka, kisha tia kulanti yako kavu, yaani isiyochanganywa, lita 2.5, halafu malizia kwa maji ya betri nusu lita. Usiijaze yote kavu ukidhani ni bora: bila maji haibebi joto vizuri.

Jibu, Likoni

Nakubali, naongeza mawili. Kujaa si kujaa mpaka hewa itoke. Egesha pua ya gari juu kidogo, acha kifuniko wazi, hita moto, injini ikizunguka polepole. Mapovu yatatoka, kina kitashuka, ongeza kidogo kidogo. Yakiisha, funga. Koki ni ya plastiki, ikaze kwa mkono tu.

La pili: joto kupanda ukiwa umesimama na kushuka ukienda huelekeza kwenye feni kuliko rejeta. Iache injini ipate moto uone kama feni yaanza. Isipozunguka, angalia fyuzi, relei na mota. Rejeta iliyoziba huonekana zaidi ukiwa mwendoni, mfano kwenye kilima cha Mazeras.

Muulizaji, Kisauni

Shukran. Kutu tu, hayatelezi. Lakini nimeambiwa niitoe themostati kabisa kwa sababu ya joto la huku.

Jibu, Changamwe

Usiitoe. Bila hiyo injini hukaa baridi mno na kula mafuta, na kwa injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato, maji mengine huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Ukiwa na shaka nayo, itie kwenye sufuria ya maji uyachemshe: nzuri huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Haifunguki, nunua mpya.

Tazama na mpira wa kifuniko cha rejeta. Ukipasuka, presha haishiki na maji huchemka mapema. Na kulanti ya zamani usiimwage mtaroni wala kuiacha karaini: ni tamu, paka huilamba ikawaua, na mtoto vilevile. Itie dumuni ufunge. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia kina kwenye tangi la akiba.