Naombeni ushauri: hukumu ya deni ya 2013 imefufuka, nimeletewa wito wa mahakama

Mwaloni77
Wakuu habari za jioni. Naandika mkono unatetemeka, nikikosea mnisamehe.

Jana nimerudi kazini saa kumi na moja nimemkuta mjumbe wa mtaa kakaa barazani kwangu, bahasha mapajani. Ni wito wa mahakama ya wilaya. Natakiwa kufika Jumanne tarehe 21 Oktoba nieleze kwa nini hukumu isikaziwe, yaani isitekelezwe kwa nguvu. Ni deni la zamani la biashara ya dagaa, milioni 7 na laki 4, enzi hizo nikiwa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Kesi ilisikilizwa mimi sipo, ikaamuliwa upande mmoja. Sikuwahi kujua kama nina kesi.

Hukumu ni ya 2013, imepita zaidi ya miaka kumi. Haijafa tu? Wanaweza kuchukua nyumba ninayoishi na familia? Wanaweza kunifunga? Nina watoto wanne, wa kwanza yuko kidato cha nne anafanya mtihani Novemba. Tangu jana sijala kitu cha maana.

Kibuyu cha Shinyanga
Pole mkuu. Dawa ya deni ni kulipa.

MamaWawili
Kibuyu, mtu kasema hajala tangu jana wewe unamletea methali. Mleta uzi, kunywa hata uji kwanza. Mahakama haiji usiku.

Ngosha Mtulivu
Haya mambo nimeyaona kwa baba mdogo, Kahama. Alikopa kwenye chama cha kuweka na kukopa, akashindwa. Dalali wa mahakama alikuja na Fuso na vijana sita saa moja asubuhi. Walibeba televisheni, friji, hadi mashine ya kusaga iliyokuwa mbovu. Baba mdogo alikaa kwenye jiwe nje hasemi kitu, na majirani wamejaa. Mashine ile iliuzwa bei ya chuma chakavu. Hadi leo akisikia Fuso inarudi nyuma anatoka nje kuangalia.

Mwaloni77
Ngosha umenimaliza kabisa. Mimi nina friji, kochi na pikipiki.

Mshauri wa Kijiweni
Mkuu, nimefanya kazi kwenye ofisi ya mawakili miaka tisa. Sikiliza, halafu unijibu maswali.

Hukumu haifi kwa miaka kumi. Sheria inampa mshindi wa tuzo, yaani aliyeshinda kesi, miaka 12 ya kuomba ikaziwe. Na kinachohesabiwa ni siku alipopeleka maombi mahakamani, siyo siku ya kusikilizwa. Ukikwepa tarehe 21 ili Novemba ipite, hujaokoa kitu. Wamekuita ujieleze kwa sababu maombi yakiletwa baada ya mwaka mmoja tangu tuzo, lazima mdaiwa apewe nafasi hiyo kwanza.

Nyumba unayoishi na mke na watoto wanaokutegemea, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga. Vyombo vya kupikia, vitanda na nguo pia. Friji, kochi na pikipiki havijatajwa humo.

Sasa nijibu. Hukumu ni ya tarehe ngapi hasa? Maombi yamegongwa muhuri lini? Una mali gani nyingine? Na ile samansi ya 2013, yaani wito wa kesi yenyewe, ni kweli hukuipata?

Mwaloni77
Asante sana mkuu. Hukumu ni 22 Novemba 2013. Muhuri wa maombi unasoma Agosti 2025. Sina mali nyingine ya maana.

Mshauri wa Kijiweni
Kwa hiyo wamewahi kwa miezi mitatu. Hujajibu swali la samansi. Na neno "ya maana" naomba ulifafanue.

Bin Hemedi
Ndugu yangu, deni si jambo la kuchezea. Mtume alikuwa akiletewa maiti huuliza kwanza kama ana deni. Acha hesabu za miaka, mtafute mwenye haki yake umuombe msamaha.

Mwaloni77
Sheikh nakuelewa na inaniuma.

Mshauri, nitasema ukweli. Ile 2013 mtendaji aliniita ofisini, nikasaini karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, nilidhani ni mambo ya michango ya ulinzi. Wiki hiyohiyo nikaenda Geita machimboni.

MamaWawili
Michango ya ulinzi kwa Kiingereza? Baba, umeshaanza.

Mwaloni77
Dada, siku hizo karatasi nyingi za mahakama zilikuwa Kiingereza. Nilihisi ni mambo ya deni, ndiyo. Lakini sikujua tarehe. Na biashara ilikuwa imekufa kweli: mvua ilinyesha siku nne mfululizo, dagaa gunia sitini zikaoza kwenye vichanja. Ukizishika zinateleza kama sabuni. Hela yote ya yule mama ilikuwa mle.

Mshauri wa Kijiweni
Basi njia ya kuomba hukumu itenguliwe imekuwa nyembamba sana. Muda wake ni siku 30. Ukichelewa unaomba uongezewe muda kwa sababu za msingi, na sahihi yako iko kwenye jalada. Nani anaweza kusimama akasema hukuitwa?

Mali nyingine?

Mwaloni77
Kuna kiwanja Buhongwa, 20 kwa 25. Lakini nimeshaanza kukihamishia kwa mdogo wangu. Tumeandikiana mauziano leo asubuhi serikali ya mtaa, yeye ananitunzia tu. Msinielewe vibaya, kile ni cha watoto. Nilikinunua kwa hela ya kubeba mawe Geita, siyo ya dagaa. Sioni kosa la kukinga jasho langu.

Ngosha Mtulivu
Mdogo wako ana mke? Maana shangazi yangu alimwandikisha kaka yake shamba hivyohivyo, kaka akafariki, shemeji akasema shamba la mume wangu. Sasa hivi wanasalimiana kwa mbali tu.

Mshauri wa Kijiweni
Mkuu, hapo unajichimbia. Mahakama haimfungi mtu kwa sababu hana. Inaangalia kama anacho akakataa, au amekihamisha baada ya kujua anadaiwa. Hati ya mauziano yenye tarehe ya siku moja baada ya wito ndiyo ushahidi ambao wakili wao angeulipia. Kifungo cha madai ni hadi miezi 6, mdai analipia chakula chako, na ukitoka deni bado liko palepale. Na ile miaka 12 unayoihesabu haimlindi anayezuia utekelezaji kwa hila.

Kingine, soma kiasi walichoomba. Kama hukumu ilitoa riba ya kawaida ya mahakama, ni asilimia 7 kwa mwaka. Kwa deni lako ni 518,000 kila mwaka. Kwa karibu miaka 12, ni milioni 6 na ushee juu ya ile 7.4.

Mwaloni77
Wameandika 13,530,000. Nilidhani wamekosea.

Sungusungu wa Usiku
Wakuu mnapigwa chai hapa. Mdaiwa gani ana tarehe ya hukumu na mwezi wa muhuri mkononi, halafu jina la anayemdai halitaji? Huyu ndiye mdai. Anataka kujua wadaiwa wanaficha wapi viwanja ili akawashike. Hata "mahakama ya wilaya" hataji ipi.

Kibuyu cha Shinyanga
Duh. Na mimi nilitaka kumchangia nauli.

MamaWawili
Sungusungu ana hoja. Mleta uzi, unadaiwa na nani? Huyo "yule mama" ni nani?

Sungusungu wa Usiku
Amenyamaza saa tatu sasa. Funga uzi.

Mwaloni77
Sijanyamaza, nilikuwa namsaidia mtoto hesabu. Tarehe nazijua kwa sababu karatasi ziko mezani mbele yangu, nimezisoma mpaka zimelainika kwenye mikunjo.

Mmeuliza ni nani. Ni mjane. Mumewe tulikuwa tunakodi naye mtumbwi mmoja. Alipofariki, mama akaniamini na akiba yake na rambirambi. Nilipoanza kumkwepa alikuwa anamtuma mwanae akitoka shule, ana miaka kumi hivi, na daftari la kurasa 40 lililoandikwa juu "Dagaa". Anasimama mlangoni na sare, anasema "mama kasema hata elfu ishirini". Mara tatu nilimwambia mke wangu aseme sipo, nami niko chumbani.

Mama alifariki 2021. Sikwenda kuzika. Kwenye maombi haya jina ni la yule mtoto, msimamizi wa mirathi. Mke wangu hajui kama kulikuwa na kesi. Hilo ndilo sikutaka kuliandika, siyo samansi.

Bin Hemedi
Allah akufanyie wepesi ndugu yangu.

Salome wa Nyakato
Huwa nasoma tu, leo naandika. Mimi ni mdai. Nilishinda kesi 2017, milioni 3. Watu wanadhani ukishinda unapewa hela dirishani. Unapewa karatasi. Nimelipa nauli, nimelipia nakala, nimemlipa dalali, na kila nikifika kwa mdaiwa kuna mtoto anayesema baba hayupo huku viatu vyake nikiviona mlangoni. Sikuwa namtakia kifungo. Nilitaka mara moja tu aje mwenyewe aseme "dada nina laki mbili, chukua". Angesema hivyo ningemkubalia hata miaka mitano.

Mshauri wa Kijiweni
Salome amesema jambo lenye uzito wa kisheria pia. Hukumu ikishatoka, mahakama inaweza kuruhusu ulipe kwa awamu, lakini inataka ridhaa ya mshindi wa tuzo. Yaani ridhaa ya yule kijana. Huna mlango mwingine mzuri kuliko huo. Nenda na kiasi mkononi, mkikubaliana iandikwe na isajiliwe mahakamani, na kila malipo yawe na risiti. Kama huna wakili, watoa msaada wa kisheria wapo kwa Sheria ya 2017, uliza hapohapo mahakamani. Na zungumza na mkeo kabla dalali hajazungumza naye.

Sungusungu wa Usiku
Nimefuta neno langu mkuu. Pole. Ila kiwanja kiuze ulipe, usikifiche.

Mwaloni77
Mrejesho mfupi. Mke wangu nimemwambia. Hakupiga kelele, aliuliza tu, "ni yule mtoto wa daftari?" Kumbe siku zote anamkumbuka.

Nimempigia kijana mara mbili, hakupokea. Nikamwandikia kwamba ni mimi, nina laki nane, na nataka kuzungumza kabla ya tarehe. Amejibu usiku: "Jumapili baada ya ibada. Njoo na mkeo."

Mshauri wa Kijiweni
Vizuri. Na yale mauziano ya kiwanja, umeyabatilisha?

Mwaloni77
Bado. Mdogo wangu amesafiri na nakala zote mbili, simu yake haipatikani tangu juzi.