Tupeane uzoefu: Ulipimwa mlango wa kizazi ukiwa kijana, majibu yakaja si ya kawaida

Mwanzilishi, Tudor

Asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo. Mpwa wangu hajafika miaka 25. Amepewa karatasi ya majibu ya pap smia imeandikwa LSIL, akaambiwa arudi baada ya mwaka. Tangu hapo hali wala halali. Jamaa mmoja kamwambia hiyo ni saratani tayari, mwengine kamwambia hatazaa, wa tatu akamuuliza amekuwa na nani. Daktari hakuonekana kushtuka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi: iweje mtu ana tatizo halafu anaambiwa aende nyumbani?

Naomba waliopitia waseme. Mliambiwa nini, mkafanyiwa nini, na huo mwaka wa kungoja mliukalia vipi?

Binti wa Kisauni

Pole kwa mpwa, dadangu. Mimi nilikuwa na miaka 22, yangu iliandikwa ASCUS, yaani seli zisizo za kawaida lakini maana yake haijawa wazi. Nilikwenda kliniki ya uzazi wa mpango kwa shughuli nyingine kabisa, nikapimwa hapo hapo. Mama hakukubali "rudi mwakani", akanipeleka kwa daktari mwengine mjini, naye akasema vile vile. Basi tukangoja.

Kungoja ndiko kugumu, nisiseme uongo. Kila nikiumwa tumbo nilidhani ndiyo hiyo. Kilichonisaidia ni kumwambia shoga yangu mmoja tu, tukawa tunazungumza. Mwaka ulipofika nikarudia, majibu yakaja safi. Alhamdulillahi. Hakuna dawa niliyopewa, hata kidonge kimoja.

Muuguzi, Likoni

Dada wa Tudor, mwambie mpwa wako ale na alale. LSIL maana yake seli za mlango wa kizazi zimebadilika kidogo, na kwa umri wake sababu karibu kila mara ni virusi vya HPV alivyovipata si zamani sana. Virusi hivi ni vya kawaida mno. Wengi wa wanaofanya ngono huvipata wakati fulani bila kujua, na mwili wenyewe huviondoa: kwa kama watu 9 kati ya 10, ndani ya miaka miwili havionekani tena kwenye kipimo. Tunavyoviogopa ni vile vinavyong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Hata hivyo, mpaka vifikie kuwa saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri.

Ndiyo sababu mwongozo wa Kenya wa uchunguzi huu unalenga wanawake wa miaka 25 hadi 49. Wasichana hawajasahauliwa. Ukimpima kila msichana wa miaka 20 utakuta mabadiliko mengi ambayo yangeondoka yenyewe, halafu utaanza kukata mahali ambapo hapakuhitaji kisu. Na kukata kuna gharama yake: ile LEEP, kukata kwa kitanzi cha waya wa umeme, haimzuii mtu kushika mimba, lakini kadiri nyama inayotolewa inavyokuwa nyingi ndivyo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati unavyoongezeka. Msichana ambaye bado hajazaa hakatwi kwa pupa.

Kwa hiyo aliye chini ya 25 na ASCUS au LSIL, kwa kawaida hurudia pap smia baada ya mwaka. HSIL, yaani mabadiliko makubwa zaidi ya seli, ni habari nyingine. Huyo apelekwe kolposkopi, mlango wa kizazi utazamwe kwa darubini, na kinyama kidogo kitolewe kikapimwe. Majibu ya kinyama huandikwa CIN, 1 hadi 3 kadiri mabadiliko yanavyozidi. Kikirudi CIN1, anaangaliwa tu. CIN2 kwa kijana anayetaka watoto yaweza kuangaliwa kila miezi sita. CIN3 inatibiwa, hata kama una miaka 23.

Kinachoniuma mimi kazini si hawa wa LSIL wanaolia mlangoni. Ni yule anayefurahi kuambiwa "rudi mwakani" kisha asirudi. Unapiga simu, laini imebadilishwa. Unauliza, kahamia Malindi, au yuko Arabuni kwa kazi. Kungoja ni matibabu endapo tu kuna kurudi.

Baba wawili, Changamwe

Niruhusuni kina dada, nami ni mwanamume. Mke wangu alipoambiwa ana HPV nyumba iliwaka moto. Alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Ndugu zake walishaanza kuulizana nani kaleta. Daktari akatuita wote wawili, akatueleza kwamba virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kuonekana kwenye kipimo, kwa hiyo karatasi ile haiwezi kuonyesha vimetoka kwa nani wala lini. Wanaume hatuna kipimo cha kawaida cha HPV cha kutuambia tunavyo au hatunavyo.

Baba na waume mnaosoma hapa, msiifanye karatasi ya hospitali kuwa ushahidi wa zinaa. Mke wangu alikuwa anataka kuacha kurudi kliniki kwa sababu ya maneno yale. Siku ya miadi ya pili nilikwenda naye, nikakaa kwenye benchi pale nje pamoja na wanawake.

Wa Bamburi

Naongezea ya upande wangu maana si wote tunaopewa mwaka wa kungoja. Ninaishi na virusi vya ukimwi na natumia dawa vizuri. Kwetu sisi uchunguzi huanza mapema, na tunapimwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kinga ikiwa dhaifu ile miaka 15 au 20 yaweza kuwa 5 hadi 10. Nilipimwa kwa siki: wanapaka, wanasubiri kama dakika moja, pakitokea weupe ndipo wanaposhuku. Kwangu palitokea. Nikagandishwa hapo hapo kwa baridi, dakika tatu, wakaacha tano, wakarudia tatu. Niliumwa kama siku za hedhi. Baadaye nilitokwa na maji maji kwa wiki kadhaa, na niliambiwa nisilale na mume mpaka nipone. Niliporudi kuangaliwa walisema pamepona.

Wasichana wenzangu mlio na hali kama yangu, ushauri wa "ngoja tu" mnaousoma hapa msiuchukue mpaka mmewaambia hali yenu. Muuguzi hawezi kukisia.

Bi Mkubwa, Mji wa Kale

Wanangu, nimesoma nikashindwa kunyamaza. Kuna wanaouza vya kuweka ndani, shabu na dawa za kuchanganya, wanasema zinasafisha kizazi. Binti yangu aliletewa na jirani majibu yake yalipokuja mabaya. Nilikataa. Pale pameshakuwa na tatizo, unaweka shabu pakaushike na pachubuke? Muuguzi atanisahihisha kama nimekosea.

Na wenye watoto wa kike wadogo, chanjo ipo. Ilizinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na haidungwi kwa kuwa mtoto ameharibika. Hudungwa mapema ili kinga itangulie. Mjukuu wangu keshadungwa, na babu yake ndiye aliyempeleka.

Muuguzi, Likoni

Hukukosea, Bi, Mungu akuweke. Hakuna cha kuweka ndani kinachoondoa HPV, na vinavyochubua vinaongeza tabu. Kinachojulikana kusaidia mwili ni kuacha sigara, na kondomu hupunguza maambukizi ijapokuwa haiyazuii yote.

Kuhusu chanjo, wengi huniuliza kama mtu mwenye virusi tayari bado inamfaa. Haitibu alichonacho. Yaweza kumkinga na aina ambazo hajazipata.

Mama kijacho, Mtwapa

Mimi niliambiwa CIN2 nikiwa na miaka 24, nikawa naangaliwa kila miezi sita. Katikati nikashika mimba. Niliogopa mno, nikadhani watanitaka niitoe. Kumbe darubini yaruhusiwa mjamzito, na matibabu yenyewe kwa hali kama yangu hungojea hadi baada ya kujifungua, maadamu hakuna dalili ya saratani yenyewe. Nina miadi wiki kadhaa baada ya kuzaa. Mama mkwe ameahidi kumshika mtoto siku hiyo ili nisipate udhuru.

Binti wa Kongowea

Swali jamani. Karatasi yangu ni LSIL kama ya mpwa wa dada wa Tudor, na nasafiri Arabuni kwa kazi ya nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Kurudia kwangu kutaangukia nikiwa huko na sijui kama mwajiri ataniruhusu. Nisiende?

Muuguzi, Likoni

Mwanangu, ingekuwa HSIL ningekuambia usipande ndege kabla ya kolposkopi. Kwa LSIL na umri wako, nenda kwanza kliniki ulikopimwa uwaambie tarehe ya safari, wao ndio wenye faili lako. Omba nakala ya majibu, uipige picha na kumtumia mtu wa nyumbani unayemwamini. Ukipata likizo au ukipata njia ya kupimwa huko, pima. Ikishindikana, basi upime wiki ya kwanza ukirudi, kabla hujaanza kugawa zawadi. Na ukiona damu baada ya kujamiiana, au katikati ya hedhi, au uchafu wenye harufu usioisha, usingoje likizo wala tarehe, dai upelekwe hospitali huko huko uliko.