Wana wa Bi Mkubwa (Langoni)

Mwanaidi: Assalaam aleikum. Majibu ya Ami Lali yametoka. Sukari ya miezi mitatu ni 9.4. Nimesoma kuwa mwenye kisukari hatari ya moyo ni MARA MBILI. Kila nyumba 1,000, Jumatatu apelekwe Mombasa.

Mwanaidi: Mmesoma wote. Mbona kimya?

Fumo: Waleikum salaam. Mara mbili ya ngapi, dada? Tuseme, kwa mfano tu, watu 100 wasio na sukari, 5 wapatwa na moyo ndani ya miaka 10. Wenye sukari watakuwa 10. Hao 90 hawakupatwa.

Swaleh: 90 kwa 100! Hapo nabeti na punda 😂

Mwanate: Punda yupi, wa Msa uliyemuazima?

Mwanaidi: Tafadhalini!!

Fumo: Tena hiyo 10 yateremka. Utafiti wa Uingereza, UKPDS, ripoti ya mwaka 2000: kipimo hicho cha miezi mitatu kikiwa chini kwa asilimia 1, yaani 8 badala ya 9, madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo, yalikuwa pungufu kwa asilimia 37. Mshtuko wa moyo, 14. Mombasa yaweza kungoja. Dawa, presha na kupimwa macho havingoji, hata kama aona vizuri.

Mwanaidi: Bibi pia mlisema yaweza kungoja. Mguu ukakatwa.

Swaleh: Na mchango wa Bibi hesabu yake hatujaiona.

Mwanaidi: Waniita mwizi?

Mwanate: Jamani

Ami Lali: Mimi nimo humu. Mwanisomea khitma na ni hai. Mombasa siendi. Fumo, kesho baada ya laasiri ndoo uniandikie hizo hesabu kwa kalamu. Na halwa msinitumie tena.

Mwanate: 🙏

Mwanaidi: Niwie radhi Ami.

Mwanaidi: Lakini 1,000 iko pale pale. Macho pia yataka pesa.

Msa: Ndiyo naona sasa, nilikuwa baharini. Nimetuma 300. Swaleh, punda.

Mwanaidi: Siku ya macho nani aandamana naye? Akitiwa yale matone hataona vizuri kwa saa kadhaa, na ngazi za gati mwazijua.

Fumo: Jumatatu niko zamu.

Mwanaidi: Swaleh?

Mwanaidi: Swaleh nakuona uko hewani.